Kikao cha Mlali kilichogawa diski ya megabaiti kumi, na riwaya yangu iliyofungiwa mbegu

Wakuu, habari za humu. Wenye umri juu yangu shikamooni, ingawa nadhani mmebaki wawili, na mmoja wenu alishatangaza kuaga jukwaa mara tatu.

Juzi kijana mmoja alileta swali hapa. Anaweka Linux kwenye laptop yake, diski ni gigabaiti mia mbili hamsini na sita: root ya mfumo aipe ngapi, home ya mafaili yake aipe ngapi, swap aipe ngapi?

Jibu la kwanza likasema swap ni ushamba, RAM ipo. La pili likasema weka mara mbili ya RAM. La tatu likamtukana wa pili. Kufika ukurasa wa nne watu walikuwa wanabishana kuhusu mpira.

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikashindwa. Swali hilo niliwahi kuulizwa mimi, diski nzima ikiwa megabaiti kumi, na nililijibu vibaya kwa makusudi.

Ninayoyaleta ni kweli tupu. Sehemu za aibu nimeziacha na urefu wake.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Ujamaa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa mradi wa mbegu za mboga pale Mlali, chini kabisa ya milima, mahali ambapo asubuhi ukungu unashuka kwenye vichaka kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha jana.

(Ndiyo, nilikuwa naandika hivyo. Vumilieni.)

Ungeniuliza kazi yangu wakati huo nisingekujibu karani. Ningekujibu mwandishi wa riwaya. Tulikuwa vijana saba, kila Jumamosi alasiri tunakutana Mzumbe kwenye veranda ya mwalimu mmoja, tunasomeana, tunakosoana kwa ukali wa watu ambao hakuna aliyechapishwa hata mmoja.

Riwaya yangu ilikuwa na kurasa mia mbili na kumi. Salome, binti wa mlimani, anapendwa na wanaume wawili: seremala na dereva wa lori. Mhariri mmoja wa Dar alikuwa ameniahidi kuisoma, kwa sharti moja. Iwe imepigwa chapa.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Karatasi zilikuwa adimu kama sabuni. Yote nilikuwa nimeiandika kwa mkono, nyuma ya fomu za zamani za kilimo cha kahawa. Na taipureta ya mradi ilikuwa imevunjika herufi A.

Jaribuni kuandika riwaya ya Kiswahili bila A.

Basi ikaja kompyuta. Ililetwa na wafadhili, kwa kibali chenye mihuri mingi kuliko pasipoti. Skrini mbili, mashine moja, mfumo wa aina ya Unix uliokuja kwenye rundo la flopi. Printa nayo ilikuja, ila bila utepe wa wino. Utepe tukaambiwa utafuata.

Pamoja nayo akaja mtaalamu kutoka ng'ambo. Treni yake ilisimama Kingolwira tangu asubuhi hadi adhuhuri bila mtu kueleza sababu, kwa hiyo alifika Mlali amechoka na ana siku moja tu ya kufanya kazi ya siku mbili. Kiswahili chake kilikuwa maneno mawili, "jambo" na "pole pole", na la pili alikuwa amelijua vizuri zaidi pale Kingolwira.

Mkalimani nikawa mimi.

Tukaanza kuweka mfumo. Flopi ya kwanza, ya pili, kisha mashine ikauliza: diski igawanywe vipi? Mtaalamu akanieleza kwamba hapa ndipo pa kufikiri, maana ukishagawa umegawa. Kubadilisha baadaye ni kufuta kila kitu na kuanza upya.

Sasa, wakuu, mahali pengine watu wawili wangekaa, wakapiga hesabu, wakaendelea. Lakini mwenyekiti wa kamati ya mradi, Mzee Shomari, alikuwa amesimama mlangoni, na alisikia nikitamka neno "kugawa".

Mzee Shomari alikuwa mtu wa mjini Morogoro, mstaarabu, kanzu yake nyeupe hata wakati sabuni haipo. Alikuwa amegawa viwanja vya kijiji kizima bila watu kupigana. Akasema mambo ya kugawa hayaamuliwi na watu wawili chumbani. Ikaitishwa kamati.

Mtaalamu akauliza kamati ya nini. Nikamwambia ya diski. Akakaa chini.

Kikao kilienda kama vikao vyetu vyote. Vitengo vilikuwa vitano: mbegu, ghala, duka la ushirika, elimu ya watu wazima, na tawi la chama. Mtaalamu alikuwa amependekeza megabaiti nne za mfumo wenyewe, moja ya swap, na tano za watumiaji. Tano kwa vitengo vitano! Mzee Shomari alifurahi kama mtu aliyekuta hesabu imeshapigwa na Mungu. Kila kitengo megabaiti yake, mpaka wake, asiingie mtu kwa mwenzake.

Duka la ushirika likapewa megabaiti nzima ya kuandikia kwamba sukari haijaja.

Bi Skolastika, bibi shamba wetu, mwanamke wa milimani aliyekulia karibu na misheni huko juu njia ya Mgeta, ndiye pekee aliyekuwa na kitu cha kuweka. Mamia ya wakulima, kila mmoja na mteremko wake, mbegu aliyochukua na namna ilivyoota. Akauliza kama mbegu haziwezi kupata zaidi. Akajibiwa kwamba usawa ni usawa.

Na mimi? Mimi sikuwa kitengo. Nilikuwa nimeketi pale na Salome wangu kwapani, naona nchi inagawanywa na yeye hana pa kulala.

Likafika suala la swap.

Mtaalamu alilieleza vizuri, Mungu ambariki. Alisema kumbukumbu ya mashine ni ndogo. Kazi zikizidi, mashine huchukua baadhi ikazitua pale kwenye swap kwa muda, nafasi ikipatikana inazibeba tena. Pasipokuwapo, siku mzigo utakapozidi mashine itaanguka nao.

Alisema hayo kwa dakika tano. Kamati yote ikanigeukia.

Nikasema: "Anasema ni eneo la ziada. Hapakai kitu."

Ndiyo hayo tu, wakuu. Maneno saba, kutoka kwenye dakika tano.

Mzee Shomari akakunja uso. "Halilimwi?"

"Halilimwi."

"Lina balozi wa nyumba kumi?"

"Halina hata mkazi, Mzee."

"Basi hilo si eneo," akasema. "Huo ni uzururaji."

Mnaokumbuka miaka ile mnajua mzururaji alikuwa anafanywa nini: anakamatwa, anapelekwa shambani kulima kwa lazima. Swap ikakatwa, ikaachiwa robo. Robo tatu zikabaki mezani bila mwenyewe, na mimi nikanyoosha mkono polepole, kwa unyenyekevu, nikauliza kama kamati imeona kwamba mradi hauna kitengo cha utamaduni.

Bi Skolastika alinitazama juu ya miwani. "Hicho kitengo kina watu wangapi, mwandishi?"

"Kwa sasa mmoja, mama."

Kikao kikaangua kicheko. Yeye na Mzee Shomari walikuwa na utani wa kishemeji, maana Mzee alikuwa ameoa kwenye ukoo wake. Akamwambia, "Shemeji, mpe tu. Usipompa atatusomea."

Nikapewa. Mtaalamu aliniuliza mara mbili kama wamemwelewa. Nikamjibu kwamba kamati imeamua. Akaandika zile namba, akapanda lori kurudi mjini.

Wakuu, miezi iliyofuata nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kati ya Mlali na bahari.

Jenereta la mradi lilikuwa likiwashwa saa moja asubuhi. Saa moja na dakika moja nilikuwa kwenye skrini ya pili, Salome anapanda juu herufi moja moja, za kijani, zikiwa na A zote. Kila nikimaliza ukurasa nilikuwa na karatasi iliyobaki mkononi, imeandikwa pande mbili, haina kazi tena.

Na Bi Skolastika alikuwa hana vifuko vya mbegu. Alikuwa anafungia wakulima mbegu kwenye majani ya mgomba, zinamwagika njiani.

Nikampa kurasa. Alisita. Akauliza kama hakika sizihitaji, karatasi ni karatasi. Nikamjibu kwa sauti ya mtu wa kisasa kwamba hadithi imeshaingia kwenye diski, huko haichakai, hailiwi na mchwa.

Hivyo ndivyo Salome alivyopanda mlima. Ukurasa mmoja ulitosha kufunga mbegu za karoti za mtu mmoja, au njegere za nusu mtu.

Ikafika asubuhi moja kabla ya mvua za vuli. Bi Skolastika alihitaji orodha yote ya wakulima ipangwe kwa mteremko, ajue nani apelekewe mbegu kwanza. Akaketi skrini ya kwanza, akaamuru. Mimi skrini ya pili nilikuwa nimefungua sura nzima ya harusi, kurasa thelathini kwa mpigo, nabadilisha ukungu uwe mwepesi zaidi.

Mashine ikavuma. Ikavuma tena. Kisha zote mbili, skrini yake na yangu, zikaganda, na juu ya yake ukatokea mstari mmoja wa Kiingereza. Ulisema nafasi ya swap imekwisha.

Akaniuliza inasemaje.

Nikamwambia inasema imechoka.

Tukaizima, tukaiwasha. Kila akiagiza orodha, inaanguka. Hata mimi nikitoka kwenye yangu, inaanguka. Mamia ya majina yalikuwa ndani, na yeye hakuwa na daftari lingine, maana na yeye alikuwa ameniamini niliposema habari za mchwa.

Mtaalamu aliitwa. Akafika, safari hii kwa gari. Akasoma ule mstari, akaangalia namba zake za siku ile, akanitazama mimi. Kisha akasema diski ifutwe, igawanywe upya, swap ipate megabaiti yake. Kabla ya kufuta, vilivyomo vitolewe kwenye flopi.

Tulikuwa tumeachiwa flopi kumi tupu. Nikaenda kuzitafuta. Tisa zilikuwa mezani kwa Mzee Shomari, zimelowa chini ya vikombe vya chai, zinalinda mbao isiingie alama. Alizipenda kwa sababu zilikuwa za mraba.

Ikabaki moja, na mtaalamu alikuwa anaondoka jioni hiyo hiyo.

Mtaalamu akapima. Orodha ya wakulima inaingia kwenye flopi hiyo. Riwaya inaingia. Zote mbili haziingii. Akaniuliza mimi, kwa Kiingereza, mbele ya kamati iliyokuwa imekusanyika: ipi?

Wakuu, hapo ningeweza kutafsiri nilivyopenda. Ningesema flopi imeharibika. Ningesema orodha imeshapotea. Kamati nzima ilikuwa inasikia kwa masikio yangu mawili.

"Anasemaje?" akauliza Bi Skolastika.

Nikawaambia. Safari hii sikukata kitu. Nikaeleza flopi moja, nikaeleza orodha na riwaya, halafu, kwa sababu mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikaeleza na zile dakika tano za siku ya kikao. Mzigo, kutua, kubeba tena. Nikasema alivyosema mwenyewe, na nikasema kwa nini niliyakata maneno yake.



Bi Skolastika akavua miwani. "Mwandishi, wewe umewahi kupanda njia ya kwetu?"

Nikamwambia sijafika juu.

"Njiani kuna vituo. Pale njia inapotulia kidogo, kabla ya mpando. Akina mama wakishuka na kabichi wanatua hapo, wanapumua, wanajitwika tena. Hapana mwenyewe. Halimi mtu, hata kama udongo wake mweusi. Mtu akipanda maharage kwenye kituo, akina mama watatua mizigo juu ya hayo hayo maharage."

Akamgeukia Mzee Shomari. "Ungeniambia kituo, shemeji, ningekupa megabaiti kutoka kwenye mbegu zangu mwenyewe."

Mzee alijitetea kwamba ameambiwa halina mkazi.

"Na wewe je? Shamba unalolima huko juu ni la mkeo na ukoo wake. Huna hata tuta. Tungekuwa tunafukuza wasio na kipande, tungeanza na wewe."

Mzee Shomari alicheka mpaka akatoa leso. Mimi sikucheka, nikijua zamu yangu inakuja.

Haikuja. Akavaa miwani, akasema kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza: "Weka hadithi yako, mwanangu. Mimi nina miguu. Nitazunguka tena niwaulize."

Nilijua kuzunguka kwake ni nini. Ni msimu mzima. Ni mvua kuanza na mbegu ziko ghalani.

Nikamwambia mtaalamu: orodha.

Diski ikafutwa. Niliketi mbele ya skrini nikiangalia. Hakuna sauti, hakuna moshi. Kitu cha miaka mitatu kinaondoka kama vumbi linavyopanguswa mezani. Kisha mtaalamu akagawa upya: nne za mfumo, moja ya swap, na tano zilizobaki ni shamba moja bila mipaka, kila mtu achukue kadiri anavyohitaji. Mzee Shomari alikubali baada ya kuhakikishiwa kwamba hata hivyo ni ujamaa, tena zaidi.

Jumatatu iliyofuata Bi Skolastika alipanda mlimani na orodha aliyoinakili kwa mkono kutoka kwenye skrini, na mimi nyuma yake nimebeba mbegu. Alisema kwa kuwa kila fungu la mbegu lina jina la aliyepewa, basi na kila ukurasa una mwenyewe. Orodha niliyoiokoa ndiyo iliyokuwa ramani ya riwaya yangu. Hilo nalo sikulifikiria mimi, alilifikiria yeye.

Nyumba ya kwanza nilipiga hodi, nikaamkia, nikaeleza natafuta karatasi yenye maandishi ya mkono. Mama mwenye nyumba akamwita mumewe. "Njoo umwone. Ndiye huyu wa ukungu."

Walikuwa wamesoma, wakuu. Wote. Karatasi ilikuwa adimu, hadithi ilikuwa adimu zaidi. Mbegu zilipomalizika kupandwa, kurasa zilisomwa, zikaazimwa, zikabadilishwa na jirani mwenye ukurasa mwingine. Kanisani baada ya misa watu walikuwa wakitafutana: nani ana pale dereva anaporudi?

Nilitaniwa kutoka kilima hadi kilima. Bibi mmoja alinirudishia ukurasa wangu wa thelathini na nane, ule niliousoma Mzumbe nikapigiwa makofi, akaniuliza: "Huyu Salome wako anatazama mawingu tangu juu mpaka chini ya karatasi. Palizi anafanya saa ngapi?"

Mwingine alinieleza kwamba seremala wangu hawezi kuwa seremala, amepiga randa mbao mbichi. Nilibadilisha hilo. Ukungu pia niliupunguza, ingawa kama mnavyoona haukuisha.

Kurasa nyingi nilizipata, nyingine zina alama za vidole vya udongo, nyingine zimeliwa pembe. Zile zilizokuwa zimewashiwa moto nilisimuliwa kwa mdomo, na niseme ukweli, walizisimulia vizuri kuliko nilivyoziandika.

Ukurasa mmoja tu nilinyimwa. Wa mwisho. Ulikuwa kwa mama mmoja kijiji cha juu kabisa, ameubandika ukutani kwa ugali, pembeni ya picha ya Bikira Maria. Nilimwomba, Bi Skolastika akamwomba. Akasema nikitaka nisome hapo hapo ukutani, lakini hautoki, maana Salome anamchagua dereva na yeye anataka kumwona kila siku aendelee kumwambia amekosea.

Nikasoma. Nikaona amekosea kweli.

Tuliposhuka nilikuwa na bunda la kurasa kichwani, limefungwa kwa kanga ya Bi Skolastika. Pale njia inapotulia tulikuta akina mama wametua kabichi zao, wamekaa. Pembeni pana shamba la mtu, mahindi yamefika magotini, yamekwepa pale mahali kwa adabu kama yamechorewa mstari.

Bi Skolastika akanionyesha kwa kidevu. "Tua."

Nikatua.

Basi, kijana mwenye swali la juzi, majibu yako haya hapa. Root gigabaiti arobaini hadi hamsini zinakutosha, usiibane, masasisho yanakula. Swap ipe kiasi cha RAM yako kama unataka laptop ilale na kuamka vizuri. Kama hutaki hivyo, hata nne zinatosha, ila usiinyime kabisa kwa sababu umefungua ukaona haina mtu. Zilizobaki mpe home, na usikatekate vipande vidogo vidogo kwa ajili ya usawa. Duka la ushirika litakaa na megabaiti yake tupu hadi kiama.

Backup fanya leo, sehemu mbili. Sio kila mtu ana kijiji cha kumsomea.

Na ukimsikia mtaalamu anaongea dakika tano, halafu aliye katikati anakupa maneno saba, mwangalie mkononi. Pengine ana riwaya.

Printa ilipata utepe mwaka uliofuata. Mhariri alisoma, akanijibu kwa barua fupi kwamba hadithi ni nzuri ila ukungu umezidi. Mwisho ameupenda, kwamba Salome hamchagui yeyote kati ya wale wawili, anabaki na shamba la mama yake.

Karibuni mniseme, nimeshazoea. Nyie diski zenu mligawa vipi, na nani alikuwa mkalimani? Na kama kuna mtu humu ana bibi yake njia ya Mgeta, nyumba yenye Bikira Maria ukutani, naomba aniangalizie kama ile karatasi bado ipo.